Ukame Ukija, Nani Afunge Maji Kwanza?

Oktoba 2022, vuli ilipochelewa na Mto Ruvu tunaoutegemea kwa maji ukapungua, Dar es Salaam tuliingia kwenye mgawo wa maji. Hapa Kimara bei ya dumu la lita 20 ilikuwa ikipanda kila ukiamka. Usiku nililala sikio moja liko bombani. Likianza kukoroma, nyumba nzima inaamka: ndoo, madumu, masufuria, mpaka beseni la kuogeshea mtoto.

Wiki hiyo hiyo nilipita mtaa wa pili nikakuta pa kuoshea magari pamefunguliwa. Kijana kashika mpira, povu linatiririka mtaroni, gari tatu ziko foleni. Maji ya bomba lile lile tunalolisubiri usiku. Na kule juu ya mto, wakulima walikuwa wanaambiwa wazime pampu na wafunge mifereji ili mji upate maji. Jambo hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

Sheria yetu ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009 ina mpangilio wake. Maji ni ya umma, na anayetaka kuyachepusha au kuyapampu kutoka mtoni anaomba kibali bodi ya maji ya bonde. Kwetu sisi ni Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu, iliyoko Morogoro. Matumizi ya nyumbani yako mbele, kisha maji ya kuufanya mto wenyewe uendelee kuishi, halafu ndiyo shughuli za uchumi. Hapo sina ugomvi. Mtoto hawezi kukosa maji ya kunywa ili kabichi inyweshwe.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye bomba. Mitambo ya kusafisha maji ya mto huo, Ruvu Juu na Ruvu Chini, kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku. Maji yakishavuka geti la mtambo, yote tunayaita maji ya wananchi, na yote yanapewa heshima ya maji ya kunywa. Lakini ndani yake kuna bwawa la kuogelea la hoteli, kuna viwanda, kuna bustani za majani, kuna yule kijana na mpira wake. Hao wote ni shughuli za uchumi au starehe, sawasawa na bustani ya nyanya, ila wamepita mlango wa mbele kwa sababu wameungwa kwenye bomba moja na mama mwenye ndoo. Mkulima hana bomba la kujifichia. Anaonekana, basi anafungiwa.

Niliwahi kupanda Mgeta, milima ya Uluguru, ambako maji yake hushuka hadi Ruvu. Nilimkuta mzee akimwagilia karoti kwenye matuta ya ngazi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha jembe. Alikuwa anaziba mfereji kwa udongo na kipande cha mgomba, maana zamu yake ilikuwa imeisha na jirani wa chini alikuwa anasubiri. "Huu mfereji aliuchimba babu," akaniambia, "na hata babu alikuwa na zamu." Mtambo wa Ruvu Juu ulianza mwaka 1959. Ukihesabu nani alitangulia mtoni, sisi wa Dar ndio wageni.

Katika jimbo la Colorado, Marekani, hiyo ndiyo kanuni yenyewe: aliyetangulia kuchukua maji ndiye mkubwa, na mto ukipungua aliyekuja mwisho anafunga kwanza. Sitaki tuichukue ilivyo. Ingempa raha mwenye karatasi ya zamani, na mifereji mingi ya babu zetu haina karatasi. Ila kuna mambo mawili ninayatamani. Kila mtu anajua nafasi yake kabla kiangazi hakijaanza. Na mji ukitaka maji ya mkulima aliyetangulia, hata kwa ajili ya kunywa, mahakama za kule zilishaamua kwamba lazima umlipe.

Wapo watakaosema tusubiri bwawa la Kidunda kwenye huo huo Mto Ruvu, litakalohifadhi lita bilioni 190. Ninalisubiri kwa hamu kama wao. Lakini bwawa halipangi zamu, na miaka miwili ya mvua mbovu ikifuatana tutarudi pale pale kubishana.

Kwa hiyo nafasi ya maji ifuate kazi yanayofanya, popote yalipo, mtoni au bombani. Bodi ya bonde na mamlaka ya maji ya mji watangaze mapema, mwezi wa sita, mto bado una maji: kina kikifika hapa, pa kuoshea magari na mabwawa ya kuogelea vinafungwa Dar, kikishuka tena, viwanda vinapunguza, kikishuka zaidi ya hapo ndipo pampu na mabanio ya wakulima yaguswe, na fidia ya mazao iwe inajulikana tangu siku hiyo. Tangazo hilo libandikwe ofisi ya serikali ya mtaa Kimara na libandikwe pia sokoni Nyandira, kule Mgeta, maneno yale yale.

Na mabomba yazibwe. Mtaani kwetu kuna uvujaji niliouripoti mara tatu. Umeshatengeneza kidimbwi, bata wa jirani wanaogelea humo.