Kupunguza uzito Nairobi: nani atapika sufuria ya pili?

Dada yangu anaishi mtaa wa Umoja, Nairobi. Mwaka jana, kwa miezi minne, alipika sufuria mbili kila jioni. Ya kwanza ilikuwa ya mume na watoto: ugali, sukuma wiki, maharagwe. Ya pili ilikuwa yake peke yake: mayai, kabichi iliyokaangwa kwa mafuta mengi, na avokado pembeni. Alikuwa kwenye keto, mpango wa kula wanga kidogo sana na mafuta mengi. Alipungua kilo nane, na sote tuliona. Kisha shule zikafunga, watoto wakawa nyumbani mchana kutwa, na sufuria ya pili ikaanza kurukwa siku moja, halafu tatu. Kufikia Krismasi kilo sita zilikuwa zimerudi.

Jirani yake wa ghorofa ya juu hakula keto. Yeye alifunga: haweki chochote mdomoni tangu saa mbili usiku hadi saa sita mchana, na katika saa nane zilizobaki anakula anachotaka. Wawili hao walibishana sana kuhusu nani ameshika njia iliyo bora, na siku moja wakaniomba niwaamulie. Nililichukua swali lao kwa uzito, maana naona afya ya wanawake wengi ninaowapenda iko ndani yake.

Tukianza na ushahidi, hakuna aliyeshinda. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Christopher Gardner, walichapisha matokeo ya watu 609 waliogawanywa makundi mawili: hawa wapunguze wanga, wale wapunguze mafuta. Baada ya mwaka mmoja waliopunguza wanga walikuwa wamepoteza wastani wa kilo 6.0, na waliopunguza mafuta kilo 5.3. Kitakwimu hiyo si tofauti. Kilichonigusa zaidi ni kwamba ndani ya kila kundi walikuwapo waliopungua sana na walikuwapo walioongezeka. Kufunga nako kulipimwa Guangzhou, China, na matokeo yakatoka 2022: watu 139 wote walipunguziwa kalori, lakini kundi moja lilikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni pekee. Baada ya miezi 12 waliobanwa saa walikuwa wamepungua kilo 8.0, wenzao kilo 6.3, na watafiti hawakuona tofauti ya kutegemewa. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 2005, watafiti wa Boston walilinganisha mipango minne maarufu ya Marekani, ikiwemo Atkins na Weight Watchers, wakagundua kuwa jina la mpango lilikuwa na uzito mdogo kuliko jambo moja: mtu aliufuata kwa kiasi gani.

Kwa hiyo swali la dada yangu na jirani yake linageuka. Tujiulize ni mpango upi unaoweza kufuatwa Nairobi, katika nyumba yenye jiko moja na watu watano wanaokula pamoja.

Keto haikuanza kama njia ya kupunguza uzito. Ilibuniwa miaka ya 1920 kuwatibu wagonjwa wa kifafa. Inataka wanga usizidi gramu 20 hadi 50 kwa siku. Hesabu hiyo ipeleke kwenye meza yetu: ndizi moja ya kuiva ina gramu 25 hivi, na ugali uliotokana na gramu 100 tu za unga umeshavuka kikomo cha siku nzima. Githeri hairuhusiwi, wala nduma, wala chapati, wala ngwaci. Tena furaha ya wiki ya kwanza inapotosha. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli pamoja na maji, kila gramu ya akiba na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikiisha, maji hutoka, mizani inashuka kilo mbili au tatu, na mtu anaamini mafuta yameyeyuka. Hata hivyo sitaki kuidharau. Protini na mafuta hushibisha, dada yangu hakulala njaa hata siku moja, na sukari ya damu kwa wenye kisukari cha aina ya pili hushuka wanga unapopungua. Ila anayetumia insulini asithubutu kuanza bila daktari wake kurekebisha dozi, kwa sababu sukari inaweza kushuka hadi akazimia.

Kufunga kuna uzuri wa kutogharimu hata senti. Huhitaji kununua mayai ya ziada, na wengi hapa mjini tayari hawali asubuhi, wanawahi matatu ya saa kumi na moja kabla hata chai haijachemka. Ugumu unakuja jioni. Wale wa Guangzhou walimaliza kula saa kumi. Mtu wa Githurai au Rongai, pembeni mwa mji, saa kumi bado yuko kazini, saa moja yuko kwenye foleni ya magari, na anapofika nyumbani saa mbili na nusu ndipo ugali unasongwa. Akila, amevunja saa zake. Asipokula, ameukosa mlo pekee anaokaa na watoto wake. Waislamu wa Eastleigh, ambao saumu kwao ni ibada na si mpango wa uzito, wanaweza kutuambia jingine: mtu anaweza kufunga Ramadhani nzima akatoka mnene zaidi, kutegemea sambusa, kaimati na sharubati alizofuturia.

Kuna chai na juisi za kusafisha mwili zinazouzwa mitandaoni. Hizo zinakuharisha tu. Kusafisha damu ni kazi ya ini na figo.

Upande wa pili ni ushauri wa kawaida wa zahanati: kula chakula chako kile kile, kidogo, na utembee. Ndio upande wangu, na una ushahidi mzito. Mwaka 2002 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, wengi kwa kutembea tu, walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Dawa ya metformin ilipunguza kwa asilimia 31. Kwa mama wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo sita. Dakika 150 ni kushuka stegi mbili kabla ya yako, siku tano kwa wiki, mradi njia iwe salama na kuwe bado na mwanga.

Lakini lazima niwape haki watetezi wa mipango mikali. Uingereza, mwaka 2017, utafiti wa DiRECT uliwalisha wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili vinywaji maalumu vya kalori kama 850 tu kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi wa kliniki. Baada ya mwaka, asilimia 46 yao kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. "Kula kiasi" haijawahi kufanya hivyo. Na kuna jambo dada yangu aliniambia ambalo sijaweza kulijibu vizuri: keto ilimpa sheria. Ugali ni hapana, mambo yamekwisha. Ukimwambia apunguze, apunguze kutoka wapi hadi wapi? Nani hupima ugali?

Basi tuupime. Pakiti ya unga ya kilo mbili ina kalori kama 7,000. Nyumba ya watu watano ikiimaliza kwa milo mitatu, kila mmoja amepata zaidi ya 450 kwa ugali peke yake, na mtu mzima anakula kuliko mtoto. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, nasi tunamimina bila kijiko. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa, ikiwezekana, isizidi gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe vitatu vya chai ya maziwa, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko tisa. Hizo ndizo sheria ninazoweza kumpa: nusu ya sahani iwe mboga, terere au managu au kunde, robo iwe maharagwe, omena au nyama, robo iliyobaki iwe ugali. Mafuta yapimwe. Chai ibaki na kijiko kimoja, kisha bila.

Sheria hizi zinaingia kwenye sufuria moja, na kwangu hilo ni zito kuliko kilo moja ya tofauti kwenye utafiti. Mpango wa sufuria ya pili unamtaka mama, ambaye tayari anapikia kila mtu, ajipikie tena, anunue vyake kando, kisha awaeleze mashemeji ushago kwa nini hali chakula chao. Na akikonda, ataulizwa kama anaumwa.

Dada yangu amerudi kwenye sufuria moja tangu Februari. Alichokihifadhi kutoka keto ni chai isiyo na sukari. Anapungua polepole mno, kilo moja kwa mwezi, miezi mingine hakuna, na hilo linamuumiza. Wiki iliyopita shemeji yangu alitazama sahani yake mwenyewe, sukuma wiki imejaa nusu, akauliza na yeye anapunguzwa kwa nini. Shinikizo lake la damu liko juu tangu mwaka juzi. Alijibiwa ale, na akala.