Ufukwe wa Lindi kabla ya kuta

Kila linapotajwa wazo la kuupanga ufukwe wa Lindi mjini uwe wa watembea kwa miguu, jibu huja haraka: hiyo ni anasa. Mji una kiu ya maji na barabara za mitaa, nani ana haja ya njia ya kupunga upepo? Wanaolitaka wazo hili, kwa maoni yangu, hawajaeleweka. Wanadhaniwa wanatafuta vitofali na taa za rangi kwa ajili ya watalii, kumbe kinachogombewa ni ardhi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita 60 si haba, ni kama hatua 80 za mtu mzima. Zinatosha kuvuta ngalawa, kuanika nyavu na kupigia chandimu, na mivinje ikabaki na kivuli chake. Lakini sheria hiyohiyo ipo Dar es Salaam, na anayepita Masaki au Mbezi Beach anaona ukuta, geti, kisha ukuta tena, huku mwananchi akitafuta kichochoro cha kufikia bahari. Kuta hizo hazianzi zikiwa kuta. Kwanza huja uzio wa makuti, halafu mlinzi, halafu kibao. Pasipo na wapitaji hakuna wa kuuliza. Panapopita watu kila jioni, uzio wa makuti tu unazua maneno mji mzima.

Lindi haijafika huko, na ndiyo maana suala hili ni la sasa. Mradi wa gesi asilia kimiminika uliopangwa Likong'o, hapahapa Lindi, umesubiriwa miaka mingi. Siku ukianza kweli, viwanja vya baharini vitapanda bei, na kuidai njia ya umma wakati huo kutakuwa kesi na fidia.

Na watembeaji tayari wapo. Pantoni itokayo Kitunda, ng'ambo ya maji, ikishusha mlango, pikipiki ndizo hutangulia, honi juu. Nyuma yao ni akina mama wenye mizigo kichwani na wanafunzi walioshika viatu mkononi, wote wakibanana na bajaji kwenye kipande kilekile cha njia. Hao ndio wa kwanza kufaidika, kabla ya mgeni yeyote.

Upande wa pili una hoja nzito, na wenye hoja hizo ni wavuvi na wachuuzi. Katika miji mingi kupendezesha huanza kwa kuwaondoa wao. Gari la barafu lisipofika karibu na mnada, samaki hushuka bei kabla ya adhuhuri. Ukijengwa ukuta wa zege, mashua itapandishwa wapi? Isitoshe, wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3, Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikumbusha pwani nzima. Zege zito juu ya mchanga ni fedha ya kuzamisha, tena lenyewe linakiuka sheria tunayotaka iheshimiwe.

Wengi hutaja Forodhani ya Zanzibar, iliyofunguliwa upya mwaka 2009. Ni kweli, wauza chakula wa jioni wamebaki kuwa roho ya bustani ile. Lakini ile ina ukingo wa mawe na wageni wa Mji Mkongwe. Lindi ikiinakili itapata mabenchi matupu.

Kwa hiyo ningeanzia feri tu: njia ya miguu iliyotengwa na pikipiki, ya udongo ulioshindiliwa, yenye miti. Pwani ya kupandishia mashua isiguswe, ila soko la samaki lipate mtaro unaopitisha maji. Wachuuzi waliopo waandikishwe kabla ya kazi kuanza, kila mmoja na sehemu yake. Na kabla ya yote hayo halmashauri isimike mawe ya mpaka wa mita 60, yanayoonekana, kuanzia feri kwenda pande zote mbili. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.