Ghala lijae au mzigo utembee? Hesabu ya akiba kwenye koloni la Mirihi

Wachezaji wa Surviving Mars, gemu ya kompyuta ya kujenga koloni Mirihi, hapa Nairobi wamegawanyika kambi mbili, na kila gemu hii inapotajwa mabishano huanza upya. Kambi ya kwanza inashikilia kwamba hakuna binadamu anayefaa kukanyaga Mirihi kabla maghala hayajajaa: chuma, chakula, vipuri, vyote viwe tele, ndipo roketi ya abiria iitwe. Kambi ya pili inasema mali iliyolala ghalani haijengi kitu. Chuma kikitoka mgodini kiende jengoni, koloni likue, na pakitokea upungufu roketi ijayo italeta. Mimi naegemea kambi ya kwanza, ingawa si kwa sababu wanazozitoa wenyewe, na kuna mahali ambapo ya pili inawashinda kabisa.

Gemu yenyewe ilitoka Machi 2018, kazi ya Haemimont Games ya Bulgaria. Unatua na roketi moja na droni chache, yaani roboti za kubeba mizigo na kujenga. Zege, metali, maji na oksijeni unaweza kuvipata papo hapo. Polima, vipuri vya mashine na vifaa vya elektroniki vinaagizwa kutoka Duniani kwa pesa, mpaka siku utakapokuwa na viwanda na watu wa kuviendesha. Tena karibu kila jengo linachakaa kwa vumbi na kudai matengenezo: mtambo wa kuchimba zege unataka vipuri, kituo cha droni kinataka elektroniki. Madai haya huja madogo madogo, ndiyo maana wengi hawayatii hesabuni. Nimeona makoloni yenye milima ya chuma yakifa kwa kukosa kipuri kimoja, kwenye mtambo ambao mingine yote ilikuwa inautegemea.

Hoja kubwa ya wanaojaza maghala ni dhoruba ya vumbi. Ikianza, mitambo inayovuna unyevu hewani na ile ya kutengeneza oksijeni husimama, na roketi haziwezi kutua wala kupaa. Uzalishaji na uagizaji vinakatika kwa mpigo. Mirihi halisi nayo haina huruma zaidi: miezi michache tu baada ya gemu kutoka, dhoruba iliizunguka sayari nzima na kuinyamazisha roboti ya NASA, Opportunity, iliyokuwa ikiishi kwa umeme wa jua.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi na kwetu. Tarehe 28 Oktoba 2014, roketi iliyobeba chombo cha Cygnus chenye mizigo ya Kituo cha Kimataifa cha Anga ililipuka muda mfupi baada ya kuruka. Mwishoni mwa Aprili 2015 chombo cha Warusi, Progress, kikashindwa kudhibitiwa. Tarehe 28 Juni mwaka huohuo Dragon ya SpaceX ikapotea. Shehena tatu, za watengenezaji watatu tofauti, ndani ya miezi minane. Wanaanga hawakulala njaa kwa sababu kituo kilikuwa kimejiwekea chakula cha miezi kadhaa mbele. Anayesema roketi ijayo italeta ajibu kwanza: na isipofika?

Lakini wa kambi ya pili wameona jambo ambalo wenye maghala hawataki kulitazama. Fuata droni moja kwa dakika mbili. Inatoka kituoni, inazunguka kilima, inaokota kipande cha metali, kimoja tu kwa sababu ndio uwezo wake mwanzoni mwa gemu, inarudi nacho hadi ghala kuu karibu na kuba wanamoishi watu. Baadaye droni nyingine inakichukua kipande kilekile na kukirudisha ng'ambo ya kilima, maana jengo linalokihitaji liko hatua chache kutoka mgodini. Ghala linasoma limejaa, mwenye koloni anaridhika, na betri za droni zinaishia njiani. Ghala kubwa hufunika kasoro za usafirishaji mpaka siku ya shida, na siku hiyo unagundua kuwa vitu vilikuwepo muda wote, ila haviwezi kufika.

Tena akiba ina gharama yake, na hapa RimWorld, gemu nyingine ya koloni la anga ya mbali, inafundisha vizuri zaidi. Humo utajiri wa koloni hupimwa, na kadiri unavyolimbikiza ndivyo wavamizi wanavyokuja wengi. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwenye RimWorld nyama isiyo na chumba baridi huoza, na anayeihamisha kutoka chumba hadi chumba ni mtu ambaye angekuwa shambani. Mchezaji anayerundika kila kitu kwa hofu analipa mara mbili, kwa nguvu kazi na kwa usalama.

Watetezi wa kutembeza mzigo hupenda kutaja Nairobi yenyewe. Mji huu, wanasema, unaishi kwa kadogo: unga wa kupima, mafuta ya kupima, na familia inasonga bila gunia nyumbani. Ni kweli, na ni mfano mzuri, ila hawaufikishi mwisho. Kadogo inawezekana kwa sababu kibanda kiko hapo chini ya ploti, nyuma ya kibanda kuna muuza jumla, na nyuma yake kuna malori yanayoingia usiku. Akiba ipo, imewekwa na mtu mwingine. Mirihi mtu huyo hayuko. Kwenye gemu roketi husafiri siku chache tu. Katika uhalisia nafasi nzuri ya kurusha chombo kwenda huko huja kila baada ya miezi 26 hivi.

Mimi ningechukua mfano wa Nairobi ya zamani zaidi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, na hapakuwa na mji. Wahandisi walichagua uwanda huu wenye maji, kabla njia haijaanza kupanda milima na kuteremkia Bonde la Ufa, wakaweka bohari ya vifaa. Hawakuridhika na ghala la bandarini. Waliweka akiba pale ambapo safari inageuka kuwa ngumu, ili kazi ya mbele isisubiri Mombasa. Koloni la Mirihi linataka jicho hilohilo: maghala madogo kadhaa, kila moja kwenye ukingo ambapo droni za kituo kimoja zinaishia na za kingine zinaanzia, badala ya bohari moja kubwa ya kupendeza macho. Ghala lina kiwango unachoweza kulipangia, kitumie.

Kuhusu wingi, kosa la kambi zote mbili ni kuhesabu vipande. Metali 180 ni nyingi au chache? Haijulikani mpaka uulize ugavi ukikatika leo zitakufikisha siku ngapi. Chukua dhoruba ndefu kuliko zote ulizowahi kuiona kwenye ramani yako, ongeza safari ya roketi, na hiyo ndiyo akiba yako kwa kila kitu usichoweza kukitengeneza mwenyewe. Kinachozidi hapo kiende kujenga. Kwa zege, ambayo mtambo wake uko hapo nje, nawapa kambi ya pili ushindi bila kusita: kuirundika ni kuwachosha droni bure.

Viwanda vikishasimama, mizani inazidi kuelekea kwao, kwani vipuri vinatoka kwenye metali zako na polima kwenye maji na mafuta yako ya roketi. Elektroniki ndiyo inayobaki ngumu. Inatengenezwa kwa metali adimu, na metali adimu ndizo hizohizo unazozipeleka Duniani ili upate pesa. Kila roketi inayopaa imejaa metali adimu inakula matengenezo ya kesho ya vituo vya droni. Wengi huijaza hadi juu kwa sababu pesa inaonekana na upungufu bado. Mimi huiacha ipae nusu tupu, mpaka elektroniki za dhoruba nzima ziwe zimeshawekwa kando ya kila kituo cha droni.