Umerekodi mwenyewe, ufunguo anao mwingine

Walioko Dar wengi wanaamini huku Ujerumani mambo ya televisheni ni mteremko. Picha safi, sikatai. Bonyeza kitufe cha kurekodi ndipo utajua rimoti ni yako, ila amri si yako.

ARD na ZDF, chaneli za umma zinazoendeshwa kwa ada ya yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, zinarushwa wazi kwenye setilaiti. Chaneli binafsi kama RTL, ukizitaka kwa HD, zinapitia HD+, huduma ya kulipia iliyoanza 2009. Ukiichomeka kwa moduli ya CI+, kifaa cha kufungulia chaneli kinachoingia kwenye televisheni, chaneli ndiyo inayopanga: tangazo hulirushi mbele, na ukisimamisha kipindi una dakika 90 tu. Hata cha ARD kisichofungwa, televisheni nyingi zikikirekodi kwenye flashi zinakifunga zenyewe. Seti ikifa, rekodi zimekufa nayo.

Sheria ndiyo inayochekesha. Kifungu cha 53 cha sheria ya hakimiliki kinaruhusu nakala ya matumizi binafsi, ndiyo maana bei ya flashi ina tozo ya wenye hakimiliki ndani yake. Kifungu cha 95a kinakukataza kuvunja kufuli. Umelipia nakala, na huipati!

Kwa hili, king'amuzi cha antena cha bei chee pale Kariakoo kinaweza kukushinda wewe wa Ulaya. Vingi vyenye tundu la USB, kwenye chaneli isiyofungwa, vinaacha faili la video la .ts linalofunguka karibu popote. Vya kulipia vyenye diski ndani ni habari nyingine: kipindi kinahifadhiwa kikiwa kimefungwa, kifurushi kikiisha unabaki na orodha ya majina tu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akiwashe. Rekodi dakika mbili, chomoa flashi, ichomeke kwenye kompyuta. VLC, programu ya bure ya kuchezea video, ikiicheza, lipa. Kompyuta ikitaka kufomati flashi, huenda king'amuzi kimeipangia mfumo wake, achana nacho.

Chaneli ya megabiti 3 kwa sekunde inakula gigabaiti 1.35 kwa saa. HD ya megabiti 8 inakula 3.6, na flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haibebi faili linalozidi gigabaiti 4: mechi ya Simba na Yanga itakatwa kipindi cha pili, na kuna ving'amuzi visivyoanzisha faili jingine. Fomati kwa NTFS, mpangilio unaobeba mafaili makubwa, kama king'amuzi kinaukubali. Diski ya nje ipe umeme wake, maana tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 tu. Ikianza kugonga tik-tik, huenda imekosa nguvu.