Kidole cha Shangazi

Sisi wapiga picha wa matone tuna kaugonjwa ketu. Mtu mzima unakaa jikoni saa saba usiku, taa umezima, unasubiri maji yadondoke. Na wala bomba halijaharibika.

Mtambo wangu ulikuwa mpini wa ufagio uliolazwa juu ya migongo ya viti viwili, umening'inia mfuko wa nailoni wenye maziwa na rangi nyekundu ya chakula, nao nimeutoboa kwa pini. Chini yake, sinia nyeusi. Kamera iko kwenye stendi, shata, kile kipazia cha kupitisha mwanga, naiacha wazi sekunde 2 gizani, halafu flashi naiwasha kwa mkono. Ujanja wote umo kwenye flashi: ukiishusha nguvu hadi 1/64, mwako wake unakuwa mfupi mno, tone linaganda hewani kama limepigwa butwaa. Ukiiacha na nguvu zake zote unaambulia ukungu mwekundu.

Gizani huwezi kulenga kitu. Kwa hiyo, taa zikiwa bado zinawaka, unasimamisha msumari pale tone linapotua, unaulenga, unafunga fokasi, kisha unauondoa msumari. Hayo ya mwisho niliyasahau. Picha zangu 60 za kwanza ni za msumari unaoga.

Nilichokuwa nakitafuta ni taji, yaani ule mruko wa duara wenye ncha tone linapotua, lile la Harold Edgerton, profesa wa chuo cha MIT kule Marekani. Yeye alianza kuhangaika na matone ya maziwa miaka ya 1930, na taji lake maarufu la rangi likaja 1957. Mimi nilianza Ijumaa jioni, nikataka langu kabla ya Jumamosi.

Kufikia saa nane nilikuwa na picha 311 za sinia. Tone likiachia kutoka sentimita 40 linafika chini kabla theluthi ya sekunde haijaisha. Kidole changu kilikuwa kinafika baada ya matanga.

Sasa, chumba cha pili alilala shangazi. Huyu ni mtu ambaye bomba likivuja kwa jirani, usingizi unamruka yeye. Tik. Tik. Tik. Akaamka aje kulifunga, na taa hakuwasha, kwa sababu kwake taa nayo ni ubadhirifu. Mimi nimeinama, nahesabu mdundo: moja, mbili... Nilisikia kandambili, kweli, ila nilidhani ni mapigo ya moyo wangu. Shangazi akapapasa meza, akaifuata sauti, akaingiza kidole kwenye sinia ajue ni maji au ni nini.

Nikabonyeza.

Nikamwona, akaniona, giza likarudi. Tukapiga yowe wote wawili. Nadhani mimi ndiye nilianza. Shangazi akatafuta pa kushika, akaupata mfuko. Lita moja na nusu.

Mke wangu akaja mbio, akawasha taa, akatukuta wekundu kuanzia utosini, shangazi ameushika mpini wa ufagio kama mkuki.

"Nani kakatwa?"

"Muulize mumeo," shangazi akasema huku akilamba mdomo. "Kaniamsha kwa maziwa."

Tulipiga deki hadi alfajiri. Viti vilinuka mgando wiki nzima. Lakini asubuhi nilipofungua picha ya 312, nilikaa chini. Tone lilikuwa limetua juu ya ukucha, katikati kabisa, likafunguka taji zima lenye vishanga vyake pembeni, na kidole kimetoka kikali hadi mikunjo ya ngozi unaihesabu. Shangazi alikiweka palepale uliposimama msumari. Ningemwomba akiweke hapo, asingepapata.

Nimerudia mara tatu tangu siku hiyo, kwa kidole changu mwenyewe. Sinia tu. Jana shangazi amepiga simu kuuliza hali, nikamweleza.

"Mwanangu," akasema, "nitumie nauli."