Kujua ukweli wako ni kitu kimoja, kuondoka ni kingine

Kuna ushauri unapendwa sana siku hizi, moyo ukikataa acha. Acha kazi, acha ndoa, acha kozi uliyochaguliwa, kuwa jasiri bwana maisha mafupi. Halafu kuna upande wa pili wa mvumilivu hula mbivu, tulia, wenzako wanatafuta ulichonacho wewe. Mi naona wote wana hoja, ila wote wanaruka kitu kimoja ambacho ntakifikia.

Hawa wa acha kiukweli hawaongei hewa. Mchumi mmoja wa Marekani, Steven Levitt, alifungua tovuti ambayo mtu aliyekwama kwenye uamuzi anarushiwa sarafu ya kwenye kompyuta, upande huu badilisha, upande ule baki ulivyo. Sarafu zilizorushwa zilipita 20,000! Miezi 6 baadaye watu wakaulizwa wanaendeleaje, na kwa yale maamuzi mazito kama kuacha kazi au kuachana na mtu, walioangukiwa na upande wa kubadilisha ndo waliokuwa na furaha zaidi kwa wastani. Utamu wa huu utafiti ni kwamba sarafu haikujui, yaani aliyeambiwa aondoke na aliyeambiwa abaki wametenganishwa na bahati tu, kwa hiyo huwezi kusema eti walioondoka walikuwa watu wenye raha zao tangu mwanzo.

Halafu kuna lile tatizo la gharama ulizokwisha kulipa, yaani unang'ang'ania kitu kisa ulishakilipia. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walichunguza watu walionunua tiketi za msimu mzima wa michezo ya kuigiza, wengine bei kamili na wengine wakapewa punguzo bila kutarajia, na waliolipa bei kamili wakahudhuria zaidi kwenye nusu ya kwanza ya msimu, maonyesho ni yaleyale. Sasa kama pesa ya tiketi tu inamvuta mtu hivyo, miaka 9 ya uchumba je? Tunaambiwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, methali tamu kweli, lakini kuna watu wameoga na mamba kisa walishavua shati.

Ila tusishangilie mapema. Anayefika hatua ya kuomba sarafu imuamulie huyo ameshachoka, mguu mmoja uko nje tayari, jibu lake halimhusu kila aliyeamka na hasira Jumatatu asubuhi. Na furaha iliyopimwa ni ya aliyerusha, siyo ya aliyeachwa. Pia hawa wanaotuhubiria ujasiri ni wale ambao iliwalipa, aliyeacha kazi akakwama hana muda wa kutupa darasa.

Na kuna sehemu ambayo "ondoka tu" ni ushauri wa hatari kabisa. Mtu anayeishi na mwenza anayempiga, kipindi cha kuondoka na muda mfupi baada ya hapo mara nyingi ndo hatari inapopanda, kwa hiyo anayekaa kimya huku anaficha nyaraka zake, anatafuta pa kwenda na kumwambia mtu mmoja anayemwamini, huyo siyo mwoga hata kidogo. Vivyo hivyo mwenye madeni, au anayelea mgonjwa. Kuna watu hawana uhuru wa kukosea, tuwaheshimu.

Sasa kile kitu nilichosema kinarukwa. Tumezoea kukiri na kuondoka viende pamoja kama pacha, kwamba ukishakubali hii kazi imekushinda basi kesho barua iwe mezani, ukikubali huyu mtu humpendi basi mizigo ifungwe leo. Matokeo yake mtu anaogopa hata kujiuliza, maana anajua jibu litamfukuza nyumbani. Mi nasema vitenganishe. Kiri leo, kuondoka tutaangalia uwezo. Unaweza kujua kabisa hii siyo sehemu yako na bado ukakaa miaka 2 ukijipanga, huo siyo unafiki.

Utajuaje unajipanga kweli na hujifichi? Angalia kama kuna kinachosogea. Kuna akiba inaongezeka, kuna maombi ya kazi yanatumwa, kuna ujuzi unaongezeka, sawa subiri. Lakini "nasubiri mambo yakae sawa" kila mwaka na hakuna kilichosogea, hapo ni woga umevaa suti.

Ila huo uhuru wa kusubiri unaisha pale kusubiri kwako kunapokula muda wa mwingine. Unajua kabisa hutamuoa, yeye amepanga maisha yake yote juu yako, we kila akiuliza unasema bado kidogo, hapo ukimya sijui tuuite busara ya wapi, huo ni wizi. Kumwambia lazima, hata kama kuachana kwenyewe kutachukua muda.

Ndo maana hata yule mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayesomea fani aliyochaguliwa na wazazi, mi simwambii aache, mwaka umebaki mmoja amalize apate cheti chake, ila awaambie sasa hivi kwamba hiyo kazi hataifanya, maana wao bado wanalipa ada na kukopa wakitegemea mshahara ambao yeye anajua hautakuja.