Tumbo langu limeikataa chapati, na silalamiki

Tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo, swali ninaloulizwa kuliko yote si kama niliumia. Hata la pesa huja baadaye, tena kwa sauti ya chini. Swali la kwanza ni hili: "Sasa wewe, matoke unaweza kula?" Muulizaji hunikazia macho, tayari kunipa pole ya msiba.

Naweza. Matoke ndiyo yaliyorudi kwanza. Walionikimbia ni wengine kabisa, na sikuwatarajia.

Miaka mitatu iliyopita nilifunga safari ya India kama wanavyofanya wengi wa huku kwetu, nikakatwa mfuko wa chakula. Huondolewa asilimia 75 hadi 80, kinachobaki ni mrija mwembamba. Daktari alinieleza kwamba mrija huo utabaki kama ndizi. Sasa mtu wa Uganda humwambii "ndizi" ukaishia hapo. Nikamuuliza ndizi gani: bogoya, gonja, au vile vidogo vitamu vya kutengenezea kabalagala, vile vitumbua vya ndizi? Hakunielewa. Nilipoanza kula tena nikajijibu mwenyewe kwamba ni vile vidogo.

Sehemu wanayoitoa ndiyo hasa inayotengeneza ghrelini, homoni inayoupelekea ubongo habari za njaa. Ndiyo maana miezi ya mwanzo sikuona njaa kabisa. Nilikula kwa kutazama saa, kama mtu aliyeandikiwa dozi. Lakini hamu ilibaki palepale. Usiku nilikuwa nalala nikiota chapati, na naona haya kuliandika hilo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Nilitoka hospitali na karatasi ya lishe: majimaji wiki mbili, kisha vya kupondwa, kisha vilaini, na vigumu baada ya wiki sita au nane. Mpangilio huo sina neno nao. Tabu ilikuwa vyakula vyenyewe vilivyoandikwa: supu ya dengu, wali uliopondwa na dengu, paneer, yaani jibini la Kihindi. Paneer Kampala ipo, ndugu zetu Wahindi wameishi nasi tangu enzi za reli. Ila simjui Mganda, Msoga wala Mnubi aliyewahi kulia usiku kwa kuikosa paneer.

Na jikoni kwetu hatua ya vyakula laini ilikuwepo siku zote, tumeizoea tu hadi hatuioni. Matoke yaliyofukizwa kwenye majani na kupondwa yangali ndani ya majani. Uji wa ulezi. Maharage yaliyomenywa maganda yakapondwa, firinda ya Watoro. Mukene, yaani dagaa, waliosagwa wakakorogwa kwenye mchuzi wa karanga. Mimi nilitakiwa nifikishe gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina gramu 6 hivi. Piga hesabu mwenyewe, huku tumbo linapokea vijiko vitano likafunga mlango. Unga wa mukene ndio ulionivusha. Natamani wanaotuandikia karatasi hizi, wa huko na hata wa hapa Kampala, wangeanzia sokoni Kalerwe badala ya kunakili vya wengine.

Kitu ambacho karatasi haikuniambia ni kwamba tumbo jipya halijali chakula "kizuri" na "kibaya". Linajua kikavu na chenye majimaji, basi. Kifua cha kuku cha kuchemsha, kile wanachosifu watu wa mazoezi, kilinitesa. Posho ngumu, yaani ugali, ilinikataa. Wali mkavu, hata leo, vijiko vitatu na najuta. Lakini kuku yuleyule akipikwa luwombo, amelala na mchuzi wake ndani ya jani saa kadhaa, anateremka bila kelele.

Matoke nayo yana hila zake. Kwa kuwa nalazimika kutafuna taratibu na mlo mmoja kunichukua nusu saa, matoke yanapoa sahanini, na matoke yaliyopoa hukakamaa. Kijiko cha kwanza kinapita, cha sita kinakwama. Nilihangaika nayo wiki nzima kabla sijashtuka kwamba kosa ni ubaridi. Siku hizi naacha fungu langu ndani ya jani, nachota kipande baada ya kipande. Wageni wanadhani ni madaha.

Kukwama kukoje? Nitawasimulia ya Namawojjolo, ingawa mwanangu alinisihi nisiiandike.

Ilikuwa mwezi wa tano tangu upasuaji, niko kwenye teksi kwenda Jinja kwa mama. Anayeijua barabara hiyo anajua kwamba ukishapita Mukono, gari likisimama Namawojjolo madirisha yote yanajaa mishikaki ya nyama, kuku, maini, gonja za kuchoma, na wauzaji wanakuita mama, dada, bosi, vyote kwa pamoja. Nilijiambia kijiti kimoja tu. Nyama ilikuwa ya moto, ina chumvi, imeungua kidogo pembeni kama ninavyoipenda. Kipande cha kwanza nilikitafuna sawasawa. Cha pili nusunusu, kwa sababu konda alikuwa anadai nauli na mimi natafuta chenji. Cha tatu sikumbuki kama nilikitafuna.

Kabla hatujafika Lugazi, kifua kilibana hapa katikati, kama umemeza kokwa la embe. Halafu mate yakaanza. Si mate ya kawaida, ni ute mzito kama wa bamia, unajaa mdomoni, unatema, unajaa tena. Kunywa maji huwezi, maji nayo yanakalia juu ya nyama. Nikamgonga konda begani. Teksi ilisimama Mabira, abiria kumi na wanne wakanitazama nimeinama chini ya miti, na mama mmoja mzima akatoa hukumu yake kwa sauti: "Mimba hiyo." Nina miaka arobaini na sita.

Nyama ya kuchoma sijaigusa tangu siku ile. Naikumbuka, lakini kwa adabu.

Chapati ndiyo iliyoniuma zaidi. Kwetu Jinja ilikuwa chapati asubuhi na chai, jioni na maharage. Kwa tumbo langu, kila chapati iliyotafunwa inarudi kuwa donge la unga lilelile la kabla ya kukandwa, linakaa mlangoni. Nikamwendea kijana anayenipikia rolex, yaani mayai ya kukaanga yaliyozungushiwa chapati, karibu na kazini, nikamwomba mayai, kabichi, nyanya na vitunguu vyote kama kawaida, ila asinizungushie chapati. Aliacha kukoroga mayai akanitazama. "Mama, sasa unataka saa bila mkanda?"

Nacheka hadi leo. Na ndivyo ninavyoagiza tangu siku hiyo.

Hadi hapa mtu ataniona natoa malalamiko. Sivyo. Ninachotaka kusema ni kwamba swali la "unaweza kula?" tunaliuliza kwa chakula kisicho chenyewe. Tunaogopa kinachotukataa. Mimi nyama ya kuchoma na chapati hazikunirudishia hata gramu moja ya uzito, zitanirudishiaje na hazipiti? Aliyenirudishia kilo nne ni yule aliyenipokea kwa mikono miwili: mchuzi wa karanga.

Binyebwa hauna vita. Ni laini, una mafuta, unateleza. Vijiko vitano vya nyama vinanishibisha hadi saa tisa alasiri, lakini mchuzi wa karanga naweza kunywa kikombe, nikapumzika dakika ishirini, nikanywa kingine. Gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 550. Kwenye mwaka wa pili nilikuwa najisifu kwa kila aniulizaye kwamba mimi sasa nakula kila kitu, tumbo langu limepona, na mizani iko chumbani inapanda kimyakimya. Halafu ikaja Novemba na senene wake. Senene wa kukaanga wanakwenda mmojammoja, tena wanakwenda vizuri mno. Unaweka bakuli mapajani, unaongea, bakuli limekwisha, na tumbo halijasema lolote.

Vya sukari ni kesi nyingine. Mwenzangu niliyelazwa naye wodi moja alifanyiwa baipasi, ambayo chakula hutoka kwenye kifuko kidogo kikaingia moja kwa moja kwenye utumbo. Yeye akinywa chai ya maziwa yenye sukari ya Kiganda, yaani vijiko vinne, haifiki nusu saa moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, anatafuta pa kulala, kisha chooni. Sukari ikiingia utumboni ghafla kiasi hicho huvuta maji, na mwili unapigwa na bumbuwazi. Anajionea huruma. Mimi namwonea wivu, na nimemwambia hivyo. Soda yeye hana haja ya kujikataza. Mimi niliyebaki na mrija naweza kumaliza chupa ikishatoka gesi, na hakuna atakayenipiga ila suruali.

Nyumbani kwa mama habari ni nyingine. Mama yangu hapakui kidogo, hajui. Idi ya kwanza baada ya upasuaji aliniwekea sinia la pilau kama zamani. Nilipochukua kisahani cha chai nikajipakulia vijiko vyangu, alikaa kimya muda mrefu. "Walikukata tumbo au walikukata kwetu?" Sikuwa na jibu. Nilikula mchuzi na kachumbari, nikaomba maji ya kunywa baadaye, maana kunywa na kula pamoja pia siruhusiwi, na hilo nalo likaonekana kiburi.

Shangazi yangu alinivuta uani. Kizazi chao kiliishi miaka ya themanini, wakati UKIMWI ulipoingia Rakai ukaitwa "slim", na kwao mtu anayekonda na kuacha chakula ana maana moja tu. Aliniuliza kwa kunong'ona kama nimeanza dawa. Nikamwambia ndiyo, vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu, nitameza maisha yangu yote. Hakuamini. Hadi leo ananiombea, na maombi siyakatai.

Mama alibadilika polepole, kwa njia yake. Siku moja nilifika nikakuta kwenye sufuria, pembeni ya fungu kubwa la matoke, vifurushi vinne vya majani, kila kimoja hakizidi ngumi ya mtoto. Hakusema ni vya nani.

Mwezi uliopita wajukuu zake walikuwa wanagombania chapati, kipande cha robo kikabaki, nikakichovya kwenye mchuzi wa maharage nikakila bila kufikiri. Nikasubiri kubanwa. Nikasubiri ute. Dakika kumi, ishirini. Kilipita salama. Kila mtu mezani alipiga makofi, mama akainuka kwenda kunikaangia nyingine.

Mimi nilikuwa nimekaa naogopa. Jumatatu nilipita kwa kijana wangu wa rolex, akaniuliza kama kawaida. Nikamwambia bila mkanda.